Wiki ya boti ya matanga na marafiki visiwa vya Ionia, Ugiriki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa kundi la marafiki watano hadi wanane wanaotaka kukodi boti ya matanga kwa wiki moja ya kiangazi kuanzia Lefkada, pwani ya magharibi ya Ugiriki. Saa zote zimeandikwa Kiswahili: mkataba ukisema 17:00, hapa ni saa 11 jioni. Habari za nanga na kufunga boti gatini tumezieleza kwa kirefu kuliko nyingine, kwa sababu huko ndiko wiki nyingi zinakoharibikia. Kuendesha tanga lenyewe hakumtesi mtu sana.

Kwa nini Lefkada, na si Mykonos au Santorini?

Sababu ni upepo. Upande wa Aegean, Julai na Agosti, huvuma Meltemi, upepo wa kaskazini unaoweza kushika siku kadhaa mfululizo kwa nguvu ya 6 au 7 ya kipimo cha Beaufort, mchana na usiku. Kundi lisilo na uzoefu hukwama bandarini na wiki huishia hapo.

Upande wa Ionia upepo wa kiangazi ni Maistro, unaotoka kaskazini-magharibi. Asubuhi bahari huwa shwari. Maistro huanza mchana, hufika nguvu ya 4 au 5 kwenye saa 10 alasiri, kisha hulala jua linapozama. Aliyezoea kusi na kaskazi, pepo zinazokaa miezi, itabidi abadili hesabu: huu ni upepo wa saa chache kwa siku, na safari hupangwa kwa kuufuata. Visiwa vya Lefkada, Meganisi, Kalamos, Ithaca na Kefalonia vinaonana kwa macho. Maji kujaa na kupwa ni kwa sentimita chache tu, kwa hiyo boti iliyofungwa gatini jioni utaikuta usawa uleule asubuhi, jambo ambalo mtu wa Zanzibar au Lamu huchukua siku mbili kuliamini.

Twende mwezi gani?

Juni, au nusu ya kwanza ya Septemba. Julai na Agosti joto hufika nyuzi 35, bei hupanda, na nafasi za gatini hugombewa tangu mchana. Maji ya Septemba bado yana joto la nyuzi 25 hivi. Kuanzia katikati ya Septemba dhoruba za radi huongezeka. Tarehe 17 na 18 Septemba 2020 kimbunga kilichopewa jina la Ianos kilipiga Kefalonia, Ithaca na Zakynthos na kuzamisha boti zilizokuwa zimefungwa. Ukienda mwezi huo, soma utabiri asubuhi na jioni, bila kuruka hata siku moja.

Visa je?

Ugiriki imo katika eneo la Schengen. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji visa ya muda mfupi. Mwenye kibali cha ukaazi cha Ujerumani, Uholanzi, Ubelgiji au nchi nyingine ya Schengen haihitaji. Mwenye kibali cha Uingereza bado anaihitaji, na hapo wengi hukosea. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na yasipungue siku 15 kabla. Kwa kiangazi, omba mapema uwezavyo kwa sababu tarehe za miadi huisha. Bima ya afya lazima ifikie euro 30,000.

Mahali pa kuonyesha mtalala wapi, ambatanisha mkataba wa kukodi boti wenye majina yenu wote, tarehe na bandari ya kuanzia, na uongeze hoteli ya usiku wa kabla na wa baada. Msipange kuvuka kwenda Albania: iko nje ya Schengen, visa ya kuingia mara moja itakuwa imekwisha kazi, na mikataba mingi ya kukodi inakataza.

Je, lazima mmoja wetu awe na cheti?

Ndiyo, mkitaka kuchukua boti bila nahodha. Ugiriki inadai nahodha mwenye cheti cha matanga kinachotambulika, kwa mfano ICC (cheti cha kimataifa cha kuendesha boti) au RYA Day Skipper (cha chama cha matanga cha Uingereza), pamoja na mtu wa pili anayejua kazi ya boti. Huyo wa pili mara nyingi hutia saini tamko la uzoefu. Miaka ya kuendesha ngalawa au jahazi itakusaidia sana majini, ila mbele ya karani wa bandari haihesabiki bila karatasi.

Msipokuwa na cheti, kodini nahodha. Malipo yake kwa kawaida ni euro 180 hadi 250 kwa siku, na chakula chake ni juu yenu. Mpeni chumba chake. Anayelala kwenye kochi la sebuleni haamki na akili ya kuwaongoza watu saba, na amri yake kuhusu hali ya hewa ni ya mwisho hata kama mmelipia meza mahali fulani.

Boti ya ukubwa gani?

Kwa watu sita, futi 40 hadi 42, vyumba vitatu, vyoo viwili. Mkiwa na nahodha, tafuteni ya vyumba vinne. Tangazo likisema "watu wanane" kwenye futi 40, wawili kati yao watalala juu ya meza ya kulia iliyoshushwa. Boti ya mkuku mmoja (mkuku ni uti wa chini wa boti) huegama upepo ukija. Katamarani, boti yenye miili miwili, haiegami, ina nafasi zaidi, lakini bei yake hukaribia maradufu na kuipatia nafasi katika vijibandari kama Kioni ni kazi. Chukueni yenye tanga la mbele la kukunja kwa kamba na mashine ya umeme ya kuvutia nanga.

Mizigo iwe mifuko laini. Sanduku lenye magurudumu halina pa kukaa ndani ya boti.

Gharama ni kiasi gani kwa kila mtu?

Makadirio ya watu sita, boti ya futi 40, mwishoni mwa Juni:

- Kukodi boti kwa wiki: euro 3,000
- Usafi wa mwisho, mashuka, injini ya kihori (kijiboti cha kufikia nchi kavu): euro 300
- Dizeli: euro 120
- Ada za gatini na maji: euro 80
- Chakula cha botini na mikahawani: euro 250 kwa kila mtu

Hiyo ni kama euro 835 kwa kichwa kabla ya nauli ya ndege. Nahodha huongeza euro 200 hadi 300 kwa kila mmoja. Agosti, bei ya boti peke yake yaweza kufika euro 4,500.

Kuna pia dhamana, mara nyingi euro 2,000 hadi 3,000, inayozuiwa kwenye kadi ya benki ya mtu mmoja. Hakikisheni kadi hiyo ina kiwango hicho. Kadi nyingi za benki za nyumbani hukataa muamala mkubwa wa ghafla nje ya nchi hadi benki ijulishwe. Ulizeni pia kama kodi ya serikali iitwayo TEPAI imo ndani ya bei. Na kubalianeni kabla ya kusafiri jinsi ya kugawana hasara: aliyeshika usukani asibebeshwe peke yake. Kundi lisiloliweka sawa jambo hili hugombana gatini, mbele ya watu.

Tunafikaje Lefkada?

Uwanja wa karibu ni Aktion, Preveza, kama kilomita 20 hivi kutoka mji wa Lefkada, wenye ndege za moja kwa moja kutoka miji mingi ya Ulaya wakati wa kiangazi. Kutoka Afrika Mashariki pitia Doha, Dubai au Istanbul hadi Athens, kisha basi la KTEL hadi Lefkada, safari ya saa tano au sita. Lefkada ni kisiwa, lakini gari linaingia kwa daraja, huhitaji feri.

Tukipokea boti Jumamosi, tukague nini?

Boti hukabidhiwa saa 11 jioni. Chukueni saa moja na nusu nzima hata kama kila mtu ana njaa. Piga picha za mikwaruzo yote ya mbavuni, omo (mbele ya boti) na tezi (nyuma). Fungua matanga yote mawili hapo hapo. Washa injini uangalie maji yakitoka kwenye bomba la moshi: yasipotoka, mfumo wa kupoza haufanyi kazi. Inua mbao za sakafu uone ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya boti; iwe kavu, na pampu yake iwashwe mbele yako. Hesabu majaketi ya kuokolea, kila mtu avae lake na kulirekebisha.

Halafu uliza mambo matatu ambayo wafanyakazi husahau kusema: mnyororo wa nanga una mita ngapi na umewekewa alama gani, swichi ya kukata umeme wa mashine ya nanga iko wapi, na valvu za maji ya bahari ziko ngapi na wapi. Swichi ile huruka wakati mnapoihitaji kabisa, na kuitafuta chini ya kitanda huku boti ikisukumwa kuelekea boti za watu ni balaa.

Ratiba nzuri ya wiki ni ipi?

Kwa injini boti hii huenda maili 6 za baharini kwa saa. Msizidishe maili 16 kwa siku.

Jumapili: mfereji wa Lefkada kuelekea kusini hadi Meganisi, maili 12 hivi. Marina iko kusini ya daraja linaloelea, kwa hiyo hamlingoji lifunguke. Ndani ya mfereji kaeni katikati ya alama. Pembeni ni tope na kina kifupi.

Jumatatu: Meganisi hadi Kioni, Ithaca, maili 15. Gati ni dogo. Wengi hutia nanga na kufunga kamba ndefu kwenye miamba ya ufukweni.

Jumanne: Kioni hadi Vathy, mji mkuu wa Ithaca, maili 7. Ghuba ni kubwa na tope lake hushika nanga vizuri, ila alasiri Maistro huporomoka toka milimani kwa mikupuo. Fikeni mapema.

Jumatano: Vathy hadi Fiskardo, Kefalonia, kuzunguka kaskazini ya Ithaca, maili 16. Ng'oeni nanga saa 1 asubuhi, kwa sababu mchana upepo utakuwa usoni na mtapiga bisho, yaani kwenda kwa mshazari dhidi ya upepo, jasho likiwatoka. Gati la Fiskardo hujaa mchana. Mkichelewa, upande wa kaskazini wa ghuba mnaweza kutia nanga na kufunga kamba mwambani. Nyumba za zamani mtakazoziona hapo ziliponea tetemeko la Agosti 1953, lililobomoa sehemu kubwa ya Kefalonia.

Alhamisi: Fiskardo hadi Sivota ya Lefkada, maili 11. Hii ndiyo siku ya matanga hasa: upepo unakuja ubavuni na boti inakata maji yenyewe. Ondokeni saa 7 mchana Maistro ikianza kujaa. Ikizidi nguvu ya 5, punguzeni tanga kuu na kunja theluthi ya tanga la mbele kabla ya kutoka kwenye mlango wa bahari, si baada.

Ijumaa: Sivota hadi Lefkada, maili 16, mkipita Nidri.

Tunafungaje boti kwa tezi, huku nanga ikiwa mbele?

Huu ndio mtindo wa bandari ndogo za Ugiriki: tezi inaelekea gatini, nanga inashika omo. Msipoujua, kila jioni itakuwa kilio.

Kwanza matayarisho, mkiwa bado nje kwenye maji wazi. Dafrao, yaani yale maboya ya kuzuia msuguano, yafungwe mbavu zote mbili, na moja kubwa tezini. Kamba mbili za tezi zipitishwe nje ya reli na kukunjwa tayari kutupwa. Mtu mmoja omo kwenye nanga, wawili tezini, mmoja usukanini. Waliobaki wakae chini, wanyamaze. Kihori kiondolewe tezini kifungwe mbele. Kamba yake ikiingia kwenye rafadha, yaani panga la injini majini, kazi imekwisha.

Chagueni nafasi, kisha geuzeni tezi mkiwa mbali, mita 60 au zaidi, muanze kurudi nyuma kwa mstari ulionyooka. Boti inayorudi pole mno haisikii usukani. Ipeni mwendo wa maili 2 hivi kwa saa kwanza. Mkifika mita 40 hadi 50 kutoka gatini, mbele kabisa ya nafasi yenu, angusheni nanga. Aliye omo aendelee kuachia mnyororo bila kusita. Akiuzuia katikati ya njia, omo litavutwa pembeni na upepo utawalaza juu ya jirani. Hilo ndilo kosa tunaloliona kuliko yote, na chanzo chake ni hofu tu.

Mita mbili kutoka ukutani, zuieni mnyororo na tieni gia ya mbele kidogo kusimamisha boti. Kamba ya upande wa joshi, unakotoka upepo, itupwe kwanza na kukazwa; ya pili ifuate. Sasa vuteni mnyororo kwa mashine mpaka ukaze, kisha tia gia ya nyuma, injini mizunguko 2,000 kwa dakika, sekunde 30, huku mtu akitazama mnyororo. Ukitetema na kulegea kwa zamu, nanga inaburura. Msijidanganye kwamba itashika baadaye. Tokeni, rudieni. Ikishika, achieni kamba za tezi hadi kubaki mita moja na nusu, kisha wekeni ubao wa kushukia.

Nanga ikikataa kushika mara mbili, sababu huwa moja kati ya hizi: mmeiangusha karibu mno na gati, au iko juu ya nyasi za baharini ziitwazo Posidonia. Nyasi hizo zinalindwa, na nanga haizitoboi. Tafuteni doa la mchanga, linaloonekana jeupe.

Asubuhi nanga yetu imenasa mnyororo wa jirani. Tufanye nini?

Hutokea karibu kila siku Julai. Msivute kwa hasira. Mtang'oa nanga ya mwenzenu. Vuteni polepole mpaka mnyororo wa mwenzenu uonekane juu ya maji. Pitisheni kamba chini yake, ncha zote mbili mzifunge omo, ili uzito wake ubebwe na kamba. Shusheni nanga yenu mita moja, itajinasua. Rudini nyuma kidogo, fungueni ncha moja ya kamba, mnyororo wa jirani utaanguka. Mwambieni mwenye boti aukaze. Mkono usiwekwe kati ya mnyororo na boti hata kwa sekunde.

Na tukilala ghubani kwa nanga tu?

Mnyororo mara tano ya kina, usipungue mita 30. Chukua alama mbili za nchi kavu zilizo kwenye mstari mmoja, na uwashe king'ora cha nanga kwenye simu. Acheni nafasi ya boti kuzunguka duara zima.

Maji, umeme na choo vinatosha?

Tangi la lita 350 linawatosha watu sita siku mbili hadi tatu, mkioga baharini kwanza na kujisuuza tu kwa maji matamu. Maji ya kunywa nunueni ya chupa, lita mbili kwa kila mtu kwa siku, tatu Agosti.

Friji ndiyo inayomaliza betri. Kipimo kikishuka chini ya volti 12.2, washeni injini saa moja, au punguzeni friji usiku. Betri ya kuwashia injini iko peke yake, msiiguse.

Chooni kisiingie chochote zaidi ya kilichopita tumboni. Karatasi ziende kwenye mfuko. Bomba lake ni jembamba, na likiziba siku ya pili, watu sita watabaki na choo kimoja. Tangi la kuhifadhia uchafu limwagwe mbali na pwani, kamwe si ndani ya ghuba mnamoogelea nyinyi na wengine. Ukisikia pampu inakuwa nzito, simama: tangi limejaa, na kuendelea kusukuma hupasua bomba.

Kupika botini kuna hatari?

Gesi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inatulia kwenye ngama, na cheche moja inatosha kulipua boti. Fungeni valvu ya mtungi kila baada ya kupika, wala si kitufe cha jiko pekee. Msipike vitu vya mafuta mengi boti ikiwa inatembea; chapati na samaki wa kukaanga vingoje gatini.

Nyama halali inapatikana?

Visiwani, msiitegemee. Wengi hubeba nyama iliyogandishwa kutoka Athens au wanakotoka Ulaya, au hula samaki, pweza na maharagwe, ambavyo mikahawa ya hapa inavipika vizuri. Samaki huuzwa kwa kilo: mwombe mhudumu ampime mbele yako na kutaja bei kabla hajakwenda motoni. Mikahawa mingine ina gati lake, na ukila pale hulipi kufunga.

Kuna mwenzetu hajui kuogelea, na mwingine hutapika.

Asiyejua kuogelea aje, lakini avae jaketi kila boti inapotembea na kila anapopanda kihori. Mwambieni nahodha mapema, bila aibu. Kihori ndicho chenye ajali nyingi, hasa usiku mkitoka kula: tochi iwepo, na idadi ya watu isizidi iliyoandikwa ubavuni.

Anayetapika ameze dawa, kwa mfano cinnarizine baada ya kumuuliza mfamasia, saa mbili kabla ya kung'oa nanga. Akishaanza kuumwa haitamsaidia. Akae nje, atazame upeo wa macho, au apewe usukani. Asishuke chini kutafuta simu.

Mtu akianguka majini?

Piga kelele, na mmoja kazi yake iwe kumnyooshea kidole tu, asimwondolee macho. Tupeni boya. Bonyezeni kitufe cha MOB (mtu majini) kwenye GPS. Hakikisheni hakuna kamba majini, washeni injini, kunjeni matanga, mkaribieni mkiwa mmeelekea upepo, na muweke gia huru kabla hajafika karibu na rafadha. Fanyeni zoezi hili Jumapili asubuhi kwa kutupa dafrao.

Msaada unaitwa kwa redio ya VHF, chaneli 16; kwa simu ni 112, au 108 ya walinzi wa pwani wa Ugiriki. Kila mmoja aoneshwe redio inavyotumika, si nahodha peke yake, maana huenda ndiye aliyeanguka.

Kurudisha boti kukoje?

Boti nyingi hutakiwa kurudi Ijumaa jioni, na kuondoka botini ni saa 3 asubuhi Jumamosi. Pampu ya mafuta huwa na foleni ndefu baada ya saa 9 alasiri. Fikeni saa 8. Mzamiaji hukagua mkuku, usukani na rafadha. Mkiwa mmegusa mwamba au kupoteza kitu, semeni kabla hajazama: kishikio cha winchi kilichozama kina bei yake inayojulikana, lakini uharibifu uliofichwa huchelewesha dhamana kwa majuma. Ombeni karatasi ya kuachiliwa kwa dhamana kabla ya kwenda uwanja wa ndege. Fedha zenyewe zaweza kuchukua siku kadhaa kurudi kwenye kadi.